Goti la Bwana Turubai

Komeo la mlango wa mbele lilisogea polepole gizani, likakwaruza chuma chake, likagota mwisho kwa mlio mdogo, tik. Hata robo saa ilikuwa haijapita tangu taa izimwe. Mama Tone alikuwa macho, amelala ubavu, uso ukutani. Hakushtuka. Mwizi hufungua mlango kutoka nje, na huyu alikuwa akiufungua kutoka ndani. Akasikia nyayo ndogo zikirudi, godoro likibonyea upande wa pili, kisha pumzi za mtu anayejifanya amelala.

Alisubiri mpaka pumzi zile zikawa za kweli. Ndipo akainuka, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akarudisha komeo mahali pake kwa vidole viwili ili lisilie. Wiki ya kumi na moja hiyo. Kila usiku mmoja anafungua, mwingine anafunga, na asubuhi hakuna anayemwuliza mwenzake.

Tone alikuwa na miaka sita, darasa la kwanza. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi bomba, ambaye siku aliyozaliwa binti alikuwa ameshinda kwenye bomba lililopasuka, akafika hospitali akichuruzika maji mpaka nesi akamfukuza wodini kwa fagio.

Fundi alikuwa na kazi mbili. Ya mkate ilikuwa mabomba. Ya pili, iliyompa jina mitaani, ilikuwa kuua watu. Aliua tisa, wote katika filamu moja, akiwa amevaa koti refu la turubai na barakoa aliyoikata mwenyewe kutoka kwenye dumu la manjano. Uso wake haukuonekana hata mara moja. Watu walimjua kwa mwendo: goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki tangu ajali ya zamani, basi alitembea bega likitangulia, mguu ukifuata kama mzigo unaokokotwa. Ukiuona mguu ule ukitokeza mlangoni, unajua mtu fulani hapo chumbani hana siku mbili. Mwisho wa filamu Bwana Turubai husukumwa kutoka juu ya paa la ghala, na siku ya kupiga picha hiyo Fundi aliwaleta mkewe na mtoto waone. Tone, miaka minne wakati huo, alilia mpaka pumzi zikamkwama. Kisha baba yake akainuka kutoka kwenye magodoro, akavua dumu, akamkonyeza. Tangu hapo ukawa mchezo wa nyumbani. Jioni Fundi akiingia na mfuko wake wa spana, Tone humwuliza kama leo amekufa, naye hujibu kuwa amekufa mara mbili na ana njaa.

Mwezi wa tatu mwaka huu Fundi alipanda mnara wa tangi la maji kwenye jengo moja, akateleza. Hapakuwa na magodoro.

Siku ya mazishi Tone alipelekwa kwa jirani. Aliporudi jioni akakuta nyumba imejaa watu, akawaambia wasilie, baba huwa anarudi jioni. Mwanamke mmoja akaangua kilio. Mama yake, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni, akamvuta kifuani akasema ndiyo, mama, atarudi. Hakuwa na nia ya kudanganya. Alitaka tu chumba kile kinyamaze. Lakini neno likishatoka halishikiki, na kila siku iliyopita ililifanya lile neno kuwa zito zaidi kulirudisha.

*

Mwongozaji wa filamu aliitwa Kata na kila mtu, kwa sababu neno hilo, la kusimamisha kamera, ndilo alilolitamka zaidi maishani mwake. Alimkuta Mama Tone barazani pa duka la vitambaa, alipokuwa akishona sare za shule pamoja na mafundi wengine watatu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa pole ambayo alikuwa ameshaitoa msibani, kisha akazungukazunguka mpaka akafika alikokuwa akienda. Sehemu ya pili ilikuwa tayari kwenye karatasi. Bwana Turubai anarudi.

"Alikufa," Mama Tone akasema bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Ndiyo uzuri wenyewe, shemeji. Mtu akifa, hadithi imekwisha. Lakini mzimu utaufungia wapi?"

Akamweleza kwa mikono miwili. Safari hii Turubai hahitaji kuvunja mlango, anapita ukutani. Saa zinasimama akikaribia. Ukifungua bomba, maji yanatoka mekundu. Tayari mabango yamechapwa, na wenye vibanda vya kuonyeshea wanauliza kila siku. Alikosa mambo mawili: koti na dumu, ambavyo marehemu alikuwa akivihifadhi nyumbani, na mtu wa kuvaa. Alikuwa amejaribu watatu. Wa kwanza, mnyanyua vyuma, alitembea kama jogoo aliyenyeshewa. Wa pili alichechemea mguu huu, akisahau anachechemea ule. Wa tatu mpaka mpiga picha alicheka.

"Wanachechemea," Mama Tone akasema. "Yeye hakuwa akichechemea."

"Basi alikuwa akifanyaje?"

Hakuwa na namna ya kulieleza hilo kwa mdomo. Miaka tisa alikuwa ametembea kando ya mguu ule, akipunguza hatua zake ili zilingane nao, sokoni, zahanati, kila mahali. Akaondoa kitambaa mapajani, akasimama. Akatanguliza bega. Akaenda kutoka kwenye cherehani yake hadi kwenye mfereji wa maji machafu, akageuka, akarudi. Mafundi watatu waliacha kukanyaga cherehani zao. Mmoja, ambaye kazi yake ya kutwa nzima ilikuwa kutania, alitazama chini.

Kata alikuwa amesimama. Akauliza urefu wake, akamzunguka kama mtu anayenunua kabati, akasema mabegani wataongeza sponji. Malipo yangekuwa nusu ya alichokuwa akipata marehemu, maana yeye si mwigizaji.

"Mwendo haujakatwa nusu," Mama Tone akasema, akakaa.

Wakakubaliana malipo kamili, kwa sharti moja la Kata. Jina lake lisiandikwe popote, wala asimwambie mtu. Nani atalala macho kwa kumwogopa fundi wa sare za shule?

*

Mbali na mafundi waliosikia yote barazani, mtu mmoja tu aliambiwa, wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa mpishi wa shule na alikuwa akiishi nao tangu msiba. Wifi alisikiliza mpaka mwisho akiwa anakwangua sufuria. Akasema kuhusu maji mekundu hao watu wa filamu hawana jipya, bomba la mtaa huu lilishaanza uzimu huo kwa kutu tangu mwaka juzi. Kisha akaacha kukwangua.

"Kwa hiyo utamvaa kaka yangu kama gauni."

"Ni kazi, wifi."

"Najua ni kazi. Na huyu mtoto?"

Mama Tone akajibu kwamba atamwambia. Filamu ikiisha, na ada ya muhula ikishalipwa, atakaa naye vizuri. Wifi akasema yeye hana shule kubwa, lakini anajua mwiba hutokea pale ulipoingilia. Huu uliingilia kwenye filamu. Usiku huo koti la turubai lilibaki juu ya kiti, limekaa kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha.

Siku tatu baadaye Tone alikuja mbio barazani, mkoba ukimpiga mgongoni. Mama yake alikuwa na pini nne mdomoni, akipinda upindo wa sketi.

"Mama, wameandika."

Mama akainua nyusi.

"Kwenye ukuta wa kinyozi. Baba amevaa dumu lake. Halafu chini wameandika." Akanyoosha kidole hewani, akasoma kama anavyosoma ubaoni. "A. Na. Ru. Di. Nimesoma mwenyewe, mwalimu hakunisaidia."

Mama Tone akatoa pini ya kwanza mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa. Akatoa ya pili. Wenzake watatu walisubiri pamoja naye, kila mmoja akiwa ameinamia kazi yake kwa bidii ya uongo. Akatoa ya tatu. Alikuwa na neno la kumwambia, lakini uso wa mtoto ulikuwa uking'aa kwa furaha ya kusoma neno lake la kwanza refu. Akaitoa pini ya nne, akasema amesoma vizuri sana.

Usiku ule Tone hakungoja taa izimwe. Alifungua komeo mbele ya macho yao, akapangusa mikono kwenye gauni, akaenda kulala. Wifi akamtazama Mama Tone. Mama Tone akautazama mlango. Hakuufunga. Alikaa kwenye kiti mpaka alfajiri akilinda nyumba iliyo wazi, akisikiliza watu wakipita barabarani, na kila hatua iliyokaribia, Mungu amsamehe, naye aliisikilizia mguu wa kulia.

*

Walipigia picha kwenye ghala lililoachwa, lilelile la sehemu ya kwanza. Kwa siku nane Mama Tone alitoka nyumbani na kifurushi chake na kusema anakwenda kushona. Wasichana wawili wa mavazi walimfunga kifua kwa kitambaa mpaka akawa anapumua kwa vipande, wakamjaza sponji mabegani, wakamvalisha koti. Kwenye karatasi ya zamu waigizaji wengine walikuwa na majina. Yeye alikuwa "Turubai", na mara nyingine, mwenye haraka alipoandika, "koti". Chakula kilipokuja waligawiwa kwanza wenye majina. Siku ya pili kilimfikia mkate mtupu, na kijana wa taa akamwambia kwa utani kwamba mizimu haili. Akacheka naye. Ungefanyaje?

Kata alikuwa mwema kwa namna yake. Kila picha ikiisha alisema ni yeye mtupu, shemeji, ni yeye mtupu, kama mtu anayetoa zawadi. Hakujua lile neno lilikuwa likimfikia vipi.

Ndani ya dumu hakuna kinachosikika vizuri. Watu wote huwa mbali, hata anayekushika mkono, na kinachobaki ni pumzi zako mwenyewe zikirudi usoni. Upande wa ndani, juu ya macho, Fundi alikuwa ameandika kwa kalamu ya kuwekea alama za bomba: JUU. Mshale mdogo ulielekea juu, usije ukakosea. Mama Tone aliusoma mara zote alipovaa. Miezi yote ile alikuwa hajapata kukaa naye karibu hivi, na hakuwapo.

Siku ya nane ilikuwa ya picha kubwa: Turubai anatoka ukutani. Ukuta ulikuwa shuka lililochorwa matofali, limepasuliwa katikati na kushikizwa kwa nyuzi hafifu ambazo Mama Tone mwenyewe alizishona, maana hapakuwa na mwingine aliyejua mshono unaoachia bila kuchanika. Majani mabichi yalichomwa kwenye ndoo ili moshi uenee sakafuni. Kata akasema wana majani ya mara mbili tu, akaomba watu watulie.

Wifi aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa amemshika Tone mkono. Alikuwa ameomba ruhusa jikoni, akamtoa mtoto darasani, na njia nzima hakumwambia wanakokwenda. Wala hakuwa na hakika kama anachofanya ni kizuri. Alijua tu kwamba mtu hawezi kulala mlango wazi maisha yake yote.

Moshi ukaenea. Nyuzi zikaachia moja moja. Bega likatokeza kwenye matofali, kisha koti, kisha mguu wa kulia ukifuata kama mzigo.

Tone hakupiga kelele. Aliuchomoa mkono wake, akakimbia katikati ya taa na kamera na moshi, akaukumbatia ule mguu kwa mikono miwili, akaegemeza shavu kwenye goti. Kata alifungua mdomo kusema neno lake, likakataa kutoka.

Ndani ya dumu Mama Tone aliona utosi wa mwanawe, na utepe aliomfunga asubuhi. Akasimama. Akaushusha mkono wenye glavu, akauweka juu ya utosi ule, kwa uzito wa mkono wa Fundi, na kwa muda wa pumzi mbili au tatu mtoto alikuwa na baba ndani ya ghala lile. Watu waliokuwapo walisema baadaye ulikuwa muda mrefu. Kwake yeye ulikuwa mfupi mno, na alijua angeweza kuurefusha, na kesho kuurefusha tena, mpaka binti yake awe mtu mzima asiyefunga milango.

Akapiga magoti, yote mawili.

Tone akarudi nyuma hatua moja. Alilitazama lile goti la kulia lililokunjika juu ya sakafu kama goti la mtu yeyote. Akalitazama muda mrefu, jinsi alivyokuwa akitazama herufi. Hata kabla ya dumu kuvuliwa, furaha ilikuwa imeshamtoka usoni.

Mama yake akavua. Nywele zilikuwa zimelowa jasho, na dumu lilikuwa limemwachia mstari mwekundu kwenye paji la uso.

"Baba amekufa, Tone," akasema. "Si kufa kwa mchezo. Alianguka, hakuinuka, tukamzika. Mimi nilikudanganya."

"Wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Shangazi anajua?"

"Anajua."

"Na mwalimu?"

"Na mwalimu."

Tone akawazungushia macho watu wote waliosimama pale, msichana wa mavazi, kijana wa taa, Kata mwenye karatasi zake, na wote wakainamisha nyuso.

"Kumbe ni mimi tu nilikuwa sijui," akasema.

Mama Tone alimvuta ndani ya koti la turubai, akalifunga juu yao wote wawili. Mle ndani mtoto alilia kilio ambacho kilikuwa kimechelewa kwa wiki kumi na tatu, na mama yake akalia naye, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri ile ya msiba. Wifi alisimama mbali, mkono mdomoni, mpaka alipoona kichwa cha Tone kikitokeza kwenye kola ya koti kutafuta hewa.

Mwishowe Kata akaja, amevua kofia, akachuchumaa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wakitaka kwenda nyumbani waende, na malipo yake hayataguswa. Lakini kama wataweza, majani yaliyobaki ni ya mara moja. Mama Tone alimtazama binti yake. Akamweleza kazi yenyewe: kwamba ukuta ni shuka, kwamba nyuzi alizishona yeye, kwamba atapita hapa na kusimama pale, na ikiisha watakwenda nyumbani wote watatu. Akamwuliza kama angependa kuondoka sasa hivi. Tone akafikiri. Akapangusa pua kwa ukingo wa koti. Akauliza moshi unawasha macho? Akaambiwa kidogo. Akasema atangoja.

Wakashona upya ule mpasuko, Mama Tone kwa sindano, Tone akimkatia nyuzi.

Wifi akamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na mlango. Moshi ukaenea tena. Mlinzi wa ghala, mzee mwenye redio ndogo mfukoni mwa shati, ndiyo kwanza alikuwa anaingia zamu na hakuwa ameona lolote. Alisimama nyuma yao, akanyoosha shingo. Bega lilipotokeza ukutani na mguu ukafuata, alivuta pumzi, akagusa begani mtoto aliyekuwa mbele yake, akamnong'oneza kwamba aangalie, ndiye yule yule, Bwana Turubai mwenyewe, watu walisema ameondoka kumbe amerudi.

Tone aligeuka. Macho yake yalikuwa bado mekundu, lakini aliongea bila kunong'ona, na ghala lote likamsikia.

"Huyo ni mama yangu, baba alikufa."